"Ndivyo Tulivyoyakuta": Ni Nani Anayeamua Nyumbani Mwenu?



Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Methali hii twaisikia mara nyingi hapa Junju, hasa siku wazee wanapoketi chini ya mwembe kuzungumza mahari ya binti, au jioni ya matanga ukoo unapogawana gharama. Ni methali yenye kweli ndani yake. Mtu asiye na kwao hupeperushwa kama jani kavu. Lakini leo nawaomba tuitazame kwa upande wake wa pili. Yule anayefuata mila bila hata kujua kwamba anafuata, yeye naye tumwiteje?

Nauliza hivyo kwa sababu katika kila nyumba yako maamuzi ambayo bwana na bibi hudhani wameyafanya wao wawili, kumbe yalikwisha kufanywa mahali pengine kabla hawajaketi. Ukiwauliza kwa nini wameamua hivyo, hujibu, "Ndivyo tulivyoyakuta." Jibu hilo si baya. Lakini mkristo hawezi kuishia hapo, kwa maana siku ya hukumu hataulizwa alikuta nini, ataulizwa alifanya nini.

WALIOMO NYUMBANI

Usiku mlango ukifungwa, bwana na bibi huona wamebaki wawili. Kwa kweli hawako wawili. Ukoo umo, shule imo, kazi imo, chama kimo, na Kanisa limo. Kila kimojawapo kina neno lake, ingawa hakisemi kwa sauti.

Tazameni shule. Mtoto akichelewa au akipiga kelele darasani, mara nyingi hupewa jembe au panga akalime, akafyeke nyasi. Hakuna mwalimu aliyesimama mbele ya ubao akafundisha kwamba kulima ni aibu. Lakini mtoto aliyeona jembe likiwa adhabu kwa miaka mingi, mwisho huamini kwamba shamba ni mahali pa walioshindwa. Akimaliza shule baba humwambia, "Mwanangu, twende tukapalilie mahindi," naye hununa. Baba hushangaa kijana amejifunza wapi uvivu. Hakujifunza uvivu, alijifunza kile alichofundishwa bila maneno.

Tazameni kazi. Wapo miongoni mwetu wanaofanya kazi za zamu, kwenye mashamba ya mkonge Vipingo, kwenye viwanda, kwenye machimbo ya mawe, au kwenye hoteli za pwani. Zamu haijali Jumapili. Mwanzoni bwana husikitika kukosa Misa. Baada ya mwaka hazungumzii tena. Baada ya miaka mitano husema kanisani ni kwa mama na watoto. Hakukana imani yake hata siku moja. Ratiba ndiyo iliyomwondoa, kidogo kidogo.

Wala sauti hizo si mbaya zote. Tazameni chama cha akina mama. Wanakutana kila juma, kila mmoja anatoa kiasi chake, na fedha zinamzungukia mmoja baada ya mwingine. Mama ambaye zamani hakushika hata shilingi yake mwenyewe hujifunza hapo kuweka akiba, kusema mbele ya watu na kutimiza ahadi. Akirudi nyumbani huzungumza na bwanake kwa namna nyingine, naye bwana hujifunza kumsikiliza. Hapo kikao cha wanawake kumi chini ya mnazi kimefanya kazi ambayo mahubiri mengi hayakuifanya.

Hivyo ndivyo jamii inavyotuunda. Haitushiki mkono kwa nguvu. Inatuzoesha, na lililozoeleka tunaliita ukweli.

YALIYOANDIKWA KUHUSU KALOLENI

Tusidhani jambo hili ni la leo. Katika miaka ya 1960 mtaalamu mmoja Mwingereza, David Parkin, aliishi na ndugu zetu Wagiriama wa upande wa Kaloleni, akachunguza maisha yao, na mwaka 1972 akatoa kitabu juu ya minazi, tembo na mashahidi. Yaliyomo yanatuhusu sana sisi wa nchi hii ya minazi.

Aliona kwamba watu wengi walikuwa wakiuza minazi yao, hata ardhi yao, ili walipe mahari na gharama za matanga. Walionunua walikuwa majirani zao wenye bidii ya biashara. Lakini wakati ule karibu hakuna aliyekuwa na hati ya shamba. Mnunuzi akitaka mali yake isije ikadaiwa baadaye, alihitaji wazee wa kushuhudia. Basi mnunuzi naye aliwaheshimu wazee na kuzitetea desturi zao, yaani zile zile desturi zilizomfanya jirani yake auze.

Kisha aliona jambo la ajabu zaidi. Baadhi ya wanunuzi hao waliugua, na mganga akawaambia wameshikwa na pepo wa Kiislamu, kwa hiyo wasinywe tena tembo wala wasile na kila mtu. Tangu hapo waliepukana na gharama nyingi za kunywa na kulisha watu, na hakuna aliyeweza kuwalaumu, kwa kuwa ni ugonjwa. Silisemi hili kuwadharau ndugu zetu Waislamu, ambao tunaishi nao vema na wengi wao ni jamaa zetu wa damu. Wala sisemi kwamba watu wale walidanganya. Waliamini kweli. Nasema tu kwamba hata mahali pa ndani kabisa, pale mtu anaposema "hili naliamini", haja za mali na amri za ukoo zinaweza kuwa zimekwisha kutangulia kuingia.

MAHARI NA MEZA YA BWANA

Sasa tuje kwetu. Katika vigango vyetu wako bwana na bibi waliokaa pamoja miaka kumi, kumi na mitano, hata ishirini. Wanapendana, wana watoto waliobatizwa, wanatoa zaka, wanaimba kwaya. Lakini ukifika wakati wa Komunyo hubaki kwenye benchi wameinamisha vichwa, kwa kuwa hawajafunga ndoa kanisani. Ukiwauliza kwa nini, sababu ni mbili, na ni zile zile kila mara. Ya kwanza, "Hatujamaliza mahari." Ya pili, "Hatuna fedha za harusi."

Hebu tuulize kwa utaratibu, nani aliyeweka masharti hayo?

Si Kanisa. Kanuni za Kanisa za mwaka 1983 zinafundisha, katika kanuni ya 1057, kwamba kinachofanya ndoa ni ukubali wa hao wawili, nao hauwezi kutolewa na mtu mwingine kwa niaba yao. Kanuni ya 1108 inadai padre, shemasi au mwingine aliyepewa mamlaka ya kusimamia, na mashahidi wawili. Hamna keki humo, hamna suti za rangi moja, hamna magari ya kupambwa maua, hamna hema wala vipaza sauti.

Wala si serikali. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kiislamu na za Kihindu, na inamtaka kila anayeoa au kuolewa awe ametimiza miaka 18. Kuhusu mahari, inasema pale ambapo mila yayataka ili kuthibitisha ndoa, kutoa sehemu ndogo iwe ishara kunatosha.

Basi masharti hayo ni yetu. Sisi ndio tuliosema kijana asimchukue binti altareni mpaka amalize mahari. Sisi ndio tuliounda kamati za harusi zinazokutana miezi mitatu kuchangisha, na kijana akiona hesabu ya kamati huona heri akae tu kama alivyo. Mahari ya wazee wetu yalikuwa mifugo na tembo la mnazi, vitu vilivyotoka nyumbani na shambani. Leo yanahesabiwa kwa noti, na noti hazizaliwi zizini.

Na hasara yake ni kubwa. Mke akifariki kabla mahari hayajaisha, hutokea wazee wa kwao wakazuia maziko mpaka deni lilipwe, na mjane wa kiume anakimbia huku na huku kukopa, hali watoto wanalia kando ya maiti ya mama yao. Bwana akitangulia, mama hubaki bila cheti, bila shahidi wa maandishi, na ndugu za marehemu humwambia hakuwa mke wa mtu. Huyo ni mwanamke aliyelima shamba lile kwa miaka ishirini. Na kabla hata ya kufika kifo, kuna hasara isiyoonekana: nafsi mbili zinazokaa na njaa mbele ya meza iliyoandaliwa.

NENO LA BWANA

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Mafarisayo wanamlaumu Bwana kwa sababu wanafunzi wake hawafuati mapokeo ya wazee. Bwana anawajibu kwa mfano wa mali iliyowekwa wakfu. Mtu aliweza kutamka kwamba mali yake ni sadaka kwa Mungu, na tangu hapo hakutakiwa tena kuwasaidia baba yake na mama yake. Angalieni: desturi ile ilikuwa na sura ya ibada. Hakuna aliyejiita mchoyo. Kila mmoja alijiona mcha Mungu anayefuata yaliyowekwa na wakubwa. Bwana aliivua sura hiyo, akaonyesha kwamba chini yake amri ya Mungu ilikuwa imetupwa.

Wala hakusema mapokeo yote yatupwe. Yeye mwenyewe alikwenda sinagogi kama ilivyokuwa desturi yake, na Kana alikwenda harusini, akaona haya ya wenyeji walioishiwa divai, akawasaidia. Anachotufundisha ni kuuliza: desturi hii yalinda upendo wa Mungu na wa jirani, au yauzuia?

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 29, chatuonyesha Yakobo akimtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, kisha akadanganywa, akatumikia saba mingine. Wengi hutumia kisa hiki kutetea mahari makubwa. Lakini someni vizuri. Labani hakungoja mpaka miaka saba ya pili iishe ndipo amtoe Raheli. Alimtoa kwanza, na utumishi ukaendelea baadaye. Hata Labani, mtu wa hila vile, alijua kwamba deni na ndoa vyaweza kutembea pamoja. Je, sisi tuwe wagumu kuliko Labani?

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake wa kitume juu ya familia wa mwaka 1981, aliwakumbusha wachungaji kwamba wapo watu wanaoishi pamoja bila ndoa kwa sababu wamebanwa na umaskini au na desturi. Hakutaka wafukuzwe. Alitaka waendewe kwa upole na busara, wasaidiwe kurekebisha hali yao.

SISI NDIO BARAZA

Hapa ndipo ninapotaka kuwagusa ninyi mliokwisha kufunga ndoa, kwa maana ukurasa huu ni wenu. Huenda mnasema, "Sisi tulikwisha, pete tunazo, shida hiyo ni ya vijana." La, wapendwa. Ni yenu kuliko wao.

Mbari si mtu. Mila haina mdomo. Siku ya mahari, anayesema "ongezeni" ni baba wa binti, ni ami, ni mjomba, ni shangazi. Kwenye kamati ya harusi, anayesema "tutachekwa" ni mama mwenye heshima zake, tena aghalabu ni wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Mzee aketipo kwenye mkeka hujiona amefungwa na desturi, na kijana aliyesimama mbele yake huona mzee ndiye desturi yenyewe. Kijana yuko sawa. Tulipokuwa vijana tulizikuta sauti hizo. Leo sauti hizo ni zetu.

Jambo hili latisha, lakini ndani yake mna habari njema. Ikiwa mila ni sisi tunaoketi, basi sisi tunaoketi twaweza kuamua vingine, bila kumtukana mzee yeyote na bila kutupa kilicho chema. Na kilicho chema kipo. Mahari yanaunganisha koo mbili. Yanamfanya kijana amwone binti kuwa mtu mwenye kwao. Yanaweka mashahidi, na siku ya ugomvi mashahidi hao ndio wapatanishi. Hayo tuyashike kwa mikono miwili.

Kanisa nalo lijitazame. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliposisitiza mwaka 1976 kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo ziwe msingi wa uchungaji, hawakutaka iwe kamati nyingine ya kuchangisha. Walitaka majirani waisome Injili pamoja na kubebana mizigo. Jumuiya inayomcheka aliyefunga ndoa kwa chai na mahamri imeacha kazi yake, imekuwa jukwaa la mashindano.

TUFANYE NINI?

Kwanza, ketini wawili kabla hamjaketi na wengi. Bwana akiambiwa, "Kesho twaitwa kwa kaka," wengi hutoka wakaenda, na bibi husikia uamuzi baadaye kama habari za redioni. Usiku ule zungumzeni. Bibi aseme, "Baba watoto, mimi naona hivi." Bwana naye aseme lake. Mkitoka na neno moja, ukoo utawasikiliza. Mkitoka na maneno mawili, ukoo utachagua lake la tatu.

Pili, wenye mabinti watangulie. Msingoje mtoto wa mwenzenu awe wa majaribio. Baba aliye na binti aseme mapema mbele ya ndugu zake: mahari nitapokea, lakini sehemu ya kwanza ikifika, wanangu waende altareni, na yaliyobaki yaje polepole. Heshima haipungui. Mkwe aliyesaidiwa kuanza nyumba bila madeni atamtunza vizuri zaidi yule binti, na wewe mzee atakukumbuka.

Tatu, ulizeni parokiani kama ndoa kadhaa zaweza kufungwa siku moja. Parokia nyingi za Kenya zimefanya hivyo. Gharama hugawanywa, au huondoka kabisa, na hakuna wa kumcheka mwenziwe.

Nne, matanga nayo yawekewe kipimo. Ukoo uelewane, hali wote wakiwa wazima, juu ya siku za kukaa, chakula kinachotosha, na kutokuwa na muziki wa usiku kucha. Disko za matanga wakuu wa serikali wa Kilifi wamezipiga marufuku mara nyingi, kwa sababu ya mabinti wanaoharibiwa humo. Lakini marufuku ya chifu haishindi neno la wenye msiba. Mwenye msiba akisema hapana, hakuna atakayeleta vyombo vya muziki uani kwake.

Tano, wale majirani wanaobaki kwenye benchi wakati wa Komunyo, waendeeni. Msiende kuwahukumu. Ulizeni ni kiasi gani kinachowazuia. Huenda mtakuta kwamba kinachowazuia ni ninyi.

Mtasemwa, hilo sitawaficha. Wataulizwa, "Hawa wamekuwa Wazungu?" Jibuni kwa upole kwamba hamkuacha mila, mmeishika pale ilipokuwa na uhai. Mwaka wa kwanza mtasemwa. Wa pili, nyumba nyingine itafanya kama ninyi. Na siku moja mjukuu wenu atafunga ndoa mapema, kwa gharama ndogo, na akiulizwa sababu atajibu, "Ndivyo tulivyoyakuta."

MASWALI YA KUZUNGUMZA BWANA NA BIBI

1. Katika mwaka uliopita, ni uamuzi gani mkubwa tuliodhani ni wetu, kumbe ulitoka kwingine? Ulitufaa au ulitudhuru?

2. Binti yetu akiposwa kesho, tutasema nini juu ya mahari? Je, tumekubaliana sote wawili?

3. Ni jirani gani anayekaa bila Sakramenti ya Ndoa, na sisi twaweza kumpunguzia mzigo gani?

TUSALI

Ee Mungu Baba, uliyemweka Mwanao katika nyumba ya Yosefu na Maria, kati ya jamaa na majirani, utujalie macho ya kuona yanayotuongoza bila sisi kujua. Yaliyo mema uyathibitishe, yanayowafungia watoto wako njia ya meza yako uyaondoe, ukianzia katika vinywa vyetu. Tunaomba hayo kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.